Kicheko Kiko Upande wa Nani?

Ukitoka Same kwa barabara kuu ya Dar es Salaam, ukapita Makanya na Hedaru, milima ya Upare inakwisha na ya Usambara inaanza, bonde la Mkomazi likiwa katikati. Mbele zaidi, juu ya Korogwe, ni Vugiri. Hapo ndipo mwaka 1935 Waingereza wachache walipoweka kambi na kamera zao ili kutengeneza filamu za kuwafunza Waafrika maisha ya kisasa. Mradi wao uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha nyingi zilitoka shirika la Carnegie la Marekani. Upigaji picha uliongozwa na Meja Notcutt, mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na upande wa elimu ukawa chini ya Latham. Walipofunga kazi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu zipatazo 35, na waigizaji walikuwa wenyeji wa huko huko.

Mojawapo ya filamu hizo za mwanzo ilihusu benki ya akiba ya posta. Wanaume wawili wanapokea mshahara. Mmoja anaupeleka posta. Mwenzake anaona hakuna mahali salama kama nyumbani kwake, anachimba shimo ndani na kuzifukia fedha. Mwizi anamchungulia, anangoja, kisha anafukua.

Nimeanza na filamu hiyo kwa sababu ndani yake umo mgawanyo wa kazi ambao sinema yetu haijauacha hadi leo. Mwizi amepewa ujanja, serikali imepewa jibu, na mtu wa kijijini amebakiziwa ujinga. Hakuna anayemuuliza kwa nini hakuiamini ile posta. Mtu aliyeona kodi, amri na kazi za shuruti zikitoka upande ule ule wa meza alikuwa na sababu nzuri ya kuamini sakafu yake kuliko dirisha la karani. Lakini filamu haikutengenezwa ili asikilizwe, ilitengenezwa ili wenzake wamtazame na wajirekebishe.

Swali langu ni hili. Wapenzi wa filamu wakisema kuhusu mwongozaji fulani kwamba amerudi, yaani baada ya kazi kadhaa dhaifu ametoa kitu kinachowakumbusha kwa nini walimpenda, mara nyingi filamu iliyomrudisha inahusu wezi, tena inachekesha. Kwa nini iwe hivyo? Na kwa nini kwetu, ambako vichekesho vinauzika na hadithi za matapeli zinasimuliwa kila kijiwe, aina hiyo ya filamu haijamrudisha mtu?

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikapatikana filamu za hadithi kwa Kiswahili. Inayotajwa zaidi ni Muhogo Mchungu. Mtu wa shamba anaingia Dar es Salaam na fedha zake, wajanja wa mjini wanamzunguka na kumliza. Nyota wake alikuwa kijana wa Idara ya Ustawi wa Jamii, Rashidi Mfaume Kawawa, yule yule ambaye Januari 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa nchi huru. Mtu akitafuta mzizi wa filamu ya uhalifu na vichekesho katika Tanzania, mzizi ni huo. Watu walimpenda Kawawa, na naamini walimpenda kwa haki, lakini fundisho halikubadilika: mjini si mahali pako, rudi kwenu, na ukija utachekwa.

Uhuru ulipokuja fundisho lilibadilisha shati. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968, ilitoa Fimbo ya Mnyonge katika miaka ya 1970: mkulima anakimbilia Dar es Salaam, anakosa kazi, anarudi kijijini kujenga ujamaa. Safari hii mtu wa shamba aliheshimiwa, na hilo halikuwa jambo dogo. Lakini katika kumheshimu, kicheko kiliondolewa kabisa. Akawa mtu wa kuhurumiwa na kupigiwa makofi, asiye na hila wala utundu. Wakati huohuo majumba ya sinema ya pwani yalikuwa yamejaa watu waliokwenda kumtazama Raj Kapoor wa India. Katika Shree 420, ya mwaka 1955, kijana maskini anaingia Bombay kwa miguu, anatapeliwa, kisha anajifunza kutapeli, na namba iliyo kwenye jina la filamu ilikuwa kifungu cha udanganyifu katika sheria ya adhabu ya India ya wakati huo. Kapoor alijua jambo ambalo watengenezaji wa filamu za mafunzo hawakulijua: mtazamaji anaweza kumcheka mtu na kuwa upande wake kwa wakati mmoja.

Jambo hilo alilijua pia mchekeshaji Amri Athumani wa Tanga, maarufu kama King Majuto, aliyefariki Agosti 2018. Watu wa Same hatukumkuta kwenye ukumbi. Tulimkuta kwenye kibanda umiza, yaani kibanda cha video, na zaidi kwenye basi. Basi la Dar es Salaam kwenda Arusha likishapita Mombo, kondakta anaweka sinema kwenye kioo cha mbele, na abiria wanamtazama mzee mwenye tamaa ya fedha na mabinti akipanga hila ambayo ni lazima imrudie. Nimeshuka Same mara nyingi bila kujua mwisho wa filamu. Majuto alikuwa na saa ndani ya mwili wake. Alijua ni kwa muda gani mtu anyamaze kabla ya uongo wake kugundulika, na unyamavu huo ndio uliochekesha.

Sitamsifu kwa kuficha kasoro, kwa kuwa kasoro haikuwa yake. Filamu nyingi alizowekwa zilipigwa kwa siku chache, mara nyingi bila muswada kamili, na uhalifu uliokuwa ndani yake haukupangwa na mtu yeyote. Mhusika anataka kuiba, kisha tayari ameiba. Mlango ulikuwa wapi? Mlinzi alikuwa wapi? Nani alikuwa na ufunguo? Hakuna aliyejali, maana ilidhaniwa kwamba akionekana Majuto inatosha. Ikatosha kweli sokoni, na kwa sababu ilitosha, waongozaji hawakulazimika kujifunza kitu kigumu.

Kitu chenyewe ni mpango. Filamu ya wizi ni kama mtoto wa meza aliyechongwa na seremala: ama anaingia, ama haingii. Katika filamu ya mapenzi mwongozaji anaweza kujificha nyuma ya machozi na muziki, na mtazamaji akamsamehe. Katika wizi mtazamaji anahesabu. Anataka kujua chumba cha fedha kiko wapi, nani anakwenda lini, na nini kitaharibika. Vichekesho vina ukali uleule, kwa kuwa neno likichelewa kidogo halichekeshi. Ukiviunganisha viwili hivi umepata kazi isiyomruhusu fundi kulala. Ndiyo maana mwongozaji aliyeanza kuchoka akiingia humo hutoka ama ameumbuka, ama amepona.

Mfano ulio wazi zaidi ninaoujua ni Steven Soderbergh, Mmarekani aliyepata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1989 akiwa na miaka 26, kisha akapitia miaka mingi ya filamu ambazo watazamaji hawakuzifuata. Aliyemwinua ni mwizi wa benki mwenye maneno matamu, katika Out of Sight ya mwaka 1998, iliyotokana na riwaya ya Elmore Leonard. Mwaka 2013 akasema anaacha kutengeneza filamu za sinema. Alipobadili mawazo, mwaka 2017, alirudi tena na wezi. Filamu hiyo ni Logan Lucky, nami ningependa kila mwongozaji wa Tanzania aitazame mara mbili, mara ya pili akiwa na kalamu.

Hadithi inaanzia West Virginia, jimbo la milima na makaa ya mawe, ambalo Wamarekani wengi hulitazama kama sisi tulivyofundishwa kumtazama mtu wa bara aliyeshuka stendi ya Ubungo na kuku wake. Jimmy Logan ana mguu mbovu, na kwa sababu hiyo anafukuzwa kazi ya ujenzi chini ya uwanja mkubwa wa mbio za magari wa Charlotte. Ndugu yake Clyde alipoteza sehemu ya mkono vitani Iraq, sasa anauza vinywaji kwenye baa, na anaamini ukoo wao una mkosi. Dada yao Mellie ni msusi. Watu hawa watatu wanaamua kuiba fedha za uwanja, na wizi unaangukia siku ya mashindano makubwa. Huko chini ya ardhi Jimmy ameona mabomba yanayovuta noti kwa nguvu ya hewa, kutoka kwenye vibanda vya vyakula hadi kwenye hazina.

Ni uzuri ulioje kwamba ujuzi wa wizi umetoka kwenye kazi ya sulubu! Waliomfukuza Jimmy hawakujua kwamba mtu anayechimba chini ya nyumba yako anaijua nyumba yako kuliko wewe. Fundi wa baruti, Joe Bang, yuko gerezani, hivyo inabidi atolewe na kurudishwa siku ileile. Bomu lake linatengenezwa kwa peremende na vitu vya kufanyia usafi, na wenzake wanapomtilia shaka anasimama katikati ya hatari na kuwaandikia kemia yake ukutani. Ukumbi unacheka, lakini haumcheki yeye. Unaicheka dharau yetu wenyewe, maana tulidhani hajui. Mkuu wa gereza naye amezoea kukana kwamba gereza lake linaweza kuwa na tatizo lolote, na kiburi chake hicho ndicho kinachowafunika wezi. Katika filamu yote wenye vyeo wanadanganyika kwa sababu hawawezi kuamini kwamba watu wa namna ile wanaweza kupanga.

Yule mwanamume wa Vugiri aliyefukia mshahara wake hapa amelipwa haki yake, miaka 82 baadaye, katika nchi nyingine. Soderbergh alichukua mgawanyo ule wa kazi akaugeuza: ujinga ukaenda kwa wenye ofisi, ujanja ukaja kwa mtu wa milimani, na mtazamaji akaombwa achague upande. Naamini hicho ndicho kilichomrudisha, zaidi ya ufundi wa kamera. Katika Ocean's Eleven, ya mwaka 2001, aliwaonyesha wezi waliovaa suti nzuri, na tuliwatazama kama watu wa dukani nyuma ya kioo. Logan Lucky ina watu wenye deni na mtoto wa talaka, kwa hiyo mpango ukiyumba moyo nao unayumba.

Majirani zetu wamekaribia huko. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, iliyotoka mwaka 2012, inaanza na Mwas kijijini akiuza DVD kwa kuwaigizia wateja yaliyomo, kipaji kizima kikiwa kimesimama barabarani bila jukwaa. Anaingia Nairobi na siku ileile anaibiwa kila kitu. Hadi hapo ni Muhogo Mchungu. Kisha Gitonga anamsindikiza mpaka kwenye genge la wezi wa vipuri vya magari, na hapo mshamba anageuka mwenye mawazo, anayewapangia wenyeji. Nusu ya kwanza inachekesha kwelikweli, nusu ya pili inaumiza, na Kenya iliipeleka kuwa filamu yake ya kwanza kushindania Oscar ya lugha za kigeni. Ninachojuta ni kwamba mji unapozidi kumbana Mwas, kicheko kinamwacha, kana kwamba mambo yakiwa mazito kucheka ni utovu wa adabu.

Uganda walikwenda upande wa pili kabisa. Kule Wakaliga, Kampala, Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha ambazo zisingetosha kulipia chakula cha siku moja kwenye filamu ya Hollywood, ikiwa na majambazi, makomando na helikopta ya kompyuta. Juu ya yote hayo imo sauti ya VJ Emmie, msimulizi anayewatania wahusika na kuwasifu papo hapo. Hiyo ni mila tunayoijua. Lufufu aliwasimulia Watanzania filamu za kigeni kwa Kiswahili, na DJ Afro anafanya hivyo Kenya. Msimulizi ni mtazamaji aliyepewa kipaza sauti, na kicheko chake kwa kawaida kiko upande wa waliolipa kiingilio. Nabwana alikuwa na busara ya kukiacha kiwe sehemu ya filamu yenyewe.

Sasa niseme la kwetu, kwa maana naamini mwongozaji wa Kitanzania anayetafuta njia ya kurudi angefanya vyema kushuka basi Same na kupanda mlima.

Wapare tunataniwa, hasa na Wachaga, kwamba tunapenda kesi: kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Utani huo nimeusikia maisha yangu yote, na nimeanza kuusikia kama sifa. Anayeuza ng'ombe kwa kesi ya kuku anajua bei ya kuku. Analotetea ni haki ya kutoambiwa uongo mbele ya watu. Anajua nani alisimama wapi, saa ngapi, na alisema nini, na atakurudisha kwenye neno lako la mwezi uliopita. Kaa kutwa moja katika mahakama ya mwanzo, usikilize shahidi akieleza mpaka wa shamba kwa kutaja mti uliokatwa zamani, utakuta ndani yake kila kitu ambacho filamu ya wizi inakihitaji: ramani, muda, ushahidi, kigeugeu na mtu anayejifanya haelewi.

Na tunayo historia. Katika miaka ya 1940 iliwekwa Upare kodi mpya ya kukadiria kila mtu kwa mali yake, ikapewa jina la mbiru, kutoka kwa ushuru wa zamani wa watemi. Kuanzia 1945 maelfu ya wanaume waliteremka Same, wakapiga kambi karibu na ofisi ya mkuu wa wilaya, wakakaa. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa na watu waliowaona hawana haki ya kuhesabu mbuzi wa mwenzao. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliyaandika hayo vizuri katika kitabu chake kuhusu Mbiru. Mwaka 1946 wakatokea wanawake wa Usangi, huko huko Upare. Imehifadhiwa habari kwamba walimpa mkuu wa wilaya mambo mawili achague: amalize ugomvi ili waume zao warudi nyumbani, la sivyo awape mimba wao wote, maana yeye ndiye aliyewashikilia waume.

Mbele ya sheria ya siku ile waandamanaji hao walikuwa wahalifu, na maneno ya wanawake wale ni kichekesho kilichochongwa na kunolewa, kikarushwa palipokusudiwa. Mtawala alikuwa na askari na vitabu vya kodi. Kwa lile hakuwa na jibu. Kama akilikasirikia, amechekwa. Kama akinyamaza, amechekwa. Hatimaye mbiru ilifutwa. Mbona mpaka leo hatuna filamu iliyoingia hapo?

Wapo watakaosema hayo ni ya zamani. Basi watazame ya sasa. Huko Tae na vijiji vya jirani katika wilaya ya Same kuna mirungi milimani, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imepanda mara kadhaa kuikata. Kwa sheria ya Tanzania ni dawa ya kulevya. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, jani lilelile ni zao la biashara na lina wakulima wanaotetewa bungeni. Mlima mmoja, mkulima mmoja, jani moja, na kinachoamua kama wewe ni mwananchi mwema au mhalifu ni upande wa mpaka uliozaliwa. Sisemi mirungi haina madhara, yapo na familia zinayajua. Nasema hapo pana mkulima anayejua kila njia ya punda, afisa aliyetumwa na asiyejua njia hata moja, na mwenyekiti wa kijiji anayepaswa kuwakaribisha wote wawili chai ileile. Mwongozaji akiwapenda wote watatu, amepata filamu.

Pingamizi ni za kweli. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 huwezi kupiga filamu bila kibali, na anayeomba kibali lazima aeleze hadithi yake, kwa hiyo mwandishi huanza kumwadhibu mwizi wake akiwa bado nyumbani, kabla hajaulizwa. Kisha soko. Kwa miaka mingi mtengenezaji aliiuza filamu yake moja kwa moja kwa msambazaji wa Kariakoo kwa bei ya mara moja, na baada ya hapo haikumhusu tena kama watu walicheka au hawakucheka. Stempu za kodi za mwaka 2013 hazikuondoa nakala bandia. Hapa pia Logan Lucky ina jambo la kutuonyesha: Soderbergh aliuza mapema haki za kuionyesha nje ya Marekani na mtandaoni, akagharimia utengenezaji na matangazo bila studio kubwa, na uamuzi wa mwisho ukabaki mikononi mwake. Haikuvunja rekodi ya mapato. Lakini kila mzaha uliomo ni wake. Sisi tuna vioo vya mabasi yanayopita Same mchana na usiku, tuna simu, tuna vibanda. Kwa miaka mingi vioo vile vimeonyesha kazi za watu ambao hawakupata chochote kwa safari hizo, na mwenye filamu angeweza kukaa na wenye mabasi wakakubaliana bei.

Filamu yenyewe naiona ikianzia Usangi, alfajiri, wanawake wakiteremka wamejifunga kanga vifuani, wakiulizana nani atasema kwanza na atasema kwa maneno gani. Wanabishana neno moja moja, kama watu wanaofungua kufuli. Wakifika Same, kamera isiwekwe nyuma ya meza ya mkuu wa wilaya. Isimame uani, pamoja nao, ingoje naye atoke.